Babu alikuwa injinia wa meli Kisumu halafu akaishia kiwanda cha sukari, niandikeje wasifu wake?

nyar_kisumo
Wadau hamjambo. Tulimpoteza babu wiki jana na familia imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa Jumamosi huko nyumbani, eti kwa sababu ndio nimesoma. Shida wajukuu tunajua tu alikuwa "injinia", basi. Aliingia meli za shirika la Reli hapa Kisumu miaka ya sitini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, akakaa kidogo, akahamia kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni mpaka kustaafu. Mashangazi wanataka vyeo na tarehe tu, mimi nataka watu waelewe alikuwa anafanya nini huko chini kwa injini, na kwani mtu wa meli anaenda kwa miwa kufanya nini??

fundi_mstaafu
Pole sana nyathina (mwanangu). Hiyo ya miwa si ajabu hata kidogo. Rika lake lilikuta ziwani stima za mvuke za zamani kama Usoga na Rusinga, na wakati huo huo dizeli zinaingia, Victoria mwanzo wa sitini halafu Uhuru 1966 ile ya kubeba mabehewa 22 ya treni. Kwa hivyo walijifunza zote mbili. Stima ya aina hiyo mvuke wake unafanya kazi mara tatu, unaingia silinda ndogo, unatoka unaingia ya kati, halafu kubwa, ndio urudi kuwa maji uingie boila tena, yaani tangi la kuchemsha maji yawe mvuke. Aliye zamu macho yako kwa kioo kinachoonyesha kiwango cha maji ya boila, maji yakishuka sana chuma kinaiva na boila inaweza kulipuka, na uko katikati ya ziwa hakuna wa kumpigia simu. Na spea ikikosekana unaichonga wewe kwa lathi, ile mashine ya kuchonga chuma. Huyo mtu kiwanda gani hakingemtaka?

mtu_wa_boila
Nimefanya na wazee kama hao, walikuwa wakali kwa maji balaa. Kiwanda cha sukari kinachoma makapi ya miwa, mvuke unazungusha tabaini (magurudumu ya mapanga yanayosukumwa na mvuke) za vinu na jenereta, halafu huo huo mvuke uliotumika unaenda kuchemsha juisi. Sasa hayo maji ya mvuke yakirudi boila na sukari kidogo ndani, yanatoa povu na asidi, mabomba yanakwisha. Ndio maana maji lazima yapimwe kila mara. Vijana tulikuwa tunaona ni usumbufu, mzee mmoja aliyetoka melini alikuwa anaweza kumwaga tangi nzima akishuku tu, na meneja akimfokea anamwambia njoo ulale wewe karibu na hii boila. Andika hiyo kama hata babu yenu alikuwa hivyo, hakika hakukosa.

jirani_wa_gati
Nyongeza, usiandike "aliacha meli". 1977 Jumuiya ilipovunjika meli ziligawanywa, Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu, na hata hiyo baadaye ikalala gatini miaka mingi mpaka ikarudishwa kazini 2019. Wengi hawakuacha, kazi ndio ilipungua. Wazee wengine inawauma kusikia hivyo hata wakiwa wamelala.

nyar_kisumo
Asanteni sana, kumbe!! Shangazi mmoja ndio amenikumbusha, babu alikuwa haruhusu mtu kupika na maji ya birika bila yeye kuchungulia ukoko ndani, tulidhani ni uzee tu. Kuna kitu nimekuta kwa sanduku lake, kadaftari kameandikwa kwa penseli saa, nyuzi za joto na presha, kurasa nyingi, hakuna jina la meli. Hiyo ni ya nini?

fundi_mstaafu
Hiyo ni logi yake binafsi, daftari la kuandika hali ya mashine kila zamu, ile rasmi hubaki kazini. Angalia presha. Ikiwa inabaki karibu pale pale kila saa, basi alikuwa mzuri. Usikubali waizike naye kabla hujapiga picha kila ukurasa, na Jumamosi soma ukurasa mmoja tu jinsi ulivyo, wazee wa Reli watakaokuja wataelewa wenyewe.

mtu_wa_boila
Na umtaje bibi pia, zamu za usiku zote hizo nani alikuwa anampikia.