Tupeane uzoefu: Kilabu cha kijijini ulichokunywa pombe ya kienyeji na kula ukashiba

Mtoto wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Nimerudi Dar juzi na hamu haijaisha. Leteni visa vya vilabu vya kijijini, vile vya mabenchi na bati, siyo baa za taa za rangi. Mlikunywa nini, mlikula nini, yaliwakuta yapi. Naanza mimi.

Desemba nilipanda nyumbani kama Wachagga wenzangu. Mjomba akanivuta hadi kwa mama mmoja anayepika mbege, migombani nyuma ya nyumba yake. Nikakaa, nikaagiza kata yangu peke yangu, kijana wa mjini. Wazee wakanitazama tu. Mama akaja na kata moja, akapiga funda mwenyewe mbele yetu, akampa mzee aliyekaa karibu na mlango. Kwangu ikafika ya nne. Mjomba akaninong'oneza: "Mwenye pombe anaonja kwanza, ujue haina kitu. Na kata haina mwenyewe, mangi." Juu kuna povu zito na makapi ya ulezi, unapuliza kando ndipo unakunywa. Mimi sikupuliza. Nilikohoa mpaka mbuzi wakageuka.

Kwa msioijua: ndizi mbivu zinachemshwa hadi ziwe nyekundu, zinalazwa siku kadhaa, zinachujwa, ndipo zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu unatoka kwenye ganda la mti wa msesewe. Ukizidi, anasema yule mama, kesho hupati mteja. Chakula kilikuwa kisusio, supu ya mbuzi na damu yake, kwenye kikombe cha bati. Wenye roho nyepesi walipewa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage.

Mwalimu wa Mufindi
Mkuu, hiyo mbege ni uji tu. Njoo huku masika unywe ulanzi. Haupikwi: mwanzi mchanga unakatwa ncha asubuhi na jioni, maji yake yanadondokea kwenye mbeta, chombo cha kipande cha mwanzi. Ukiwa mbichi ni mtogwa, mtamu kama juisi. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo una heshima zake.

Nilipopangiwa kazi huku sikuwa na mwenyeji wa kunionya. Nikapiga mtogwa lita tatu nikijua nakunywa juisi, huku natoa nyuki waliokuwa wanaogelea humo, nashushia nyama ya nguruwe na viazi vya kuchemsha. Kichwa kizima kabisa, nacheka, nabishana mpira. Kusimama sasa! Magoti yaligoma. Wanafunzi wangu wawili ndio walionifikisha nyumbani, na Jumatatu nina kipindi nao.

Binti wa Mama Komoni
Kaka zangu mnasifia kinywaji, ngojeni niwasimulie kuni. Mama yangu alipika komoni, na ndiyo iliyonisomesha. Mahindi na kimea cha ulezi tulivianika mkekani, mimi kazi yangu kufukuza kuku kabla ya kwenda shule. Pipa moja ni kuamka usiku mara tatu kukoroga. Nguo zangu za shule zilinuka moshi mpaka nikapewa jina, silitaji hapa.

Na madeni! Ukuta wa kilabu uliandikwa kwa mkaa: jina, halafu vijiti, kila kijiti ni lita. Wapo waliohama kijiji na vijiti vyao bado vipo. Mama hakufuta hata kimoja. Alipaka chokaa ukuta mzima, pale palipo na majina akaparuka.

Jirani wa Mangwe
Huku Kilifi sisi huenda mangweni, vilabu vya pombe ya mnazi. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jana unauma ulimi. Unakunywa kwa mrija wenye kichujio chini, la sivyo utameza chembechembe. Pale ninapokwenda mke wa mgema hukaanga samaki na muhogo nje, na ukweli ni kwamba samaki ndio wanaonipeleka. Mgema mwenyewe simsifu hata siku moja, mnajua atakachofanya. Nasifu samaki.

Mgeni Njiani
Na gongo je? Mbona hamuitaji?

Mtoto wa Kibosho
Gongo hapana, mkuu. Kwanza ni marufuku, pili watu wamepofuka kwa vitu vilivyochanganywa humo. Hapa tunaongelea pombe ambayo mpishi anaweza kuinywa mbele yako.

Dada wa komoni, umenigusa. Siku naondoka nilimwona mjomba naye yuko ukutani, vijiti kumi na vinne, na vitatu najua ni vyangu. Asubuhi hii nimemtumia yule mama hela kwenye simu.

Binti wa Mama Komoni
Afadhali. Mwambie asifute mpaka ujumbe wa hela uingie.