MREJESHO: Niliyeogopa kuomba baada ya kugombana na kaka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi uliopita niliandika kwamba tangu nigombane na kaka kwa ajili ya shamba la marehemu baba, nikipiga magoti najiona mchafu, maneno hayatoki.

Asanteni sana. Aliyenielekeza Waebrania 4:14-16, Mungu akubariki. Nilikuwa nasoma mstari wa 16 peke yake, “tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri”, nikidhani ujasiri huo ni wangu. Kumbe mstari wa 15 unaanza na Kuhani Mkuu, yaani Yesu, anayechukuana nasi katika udhaifu wetu! Siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, nilitandika kanga kando ya kitanda nikasema “Baba” tu, nikalia mpaka adhana ikaisha. Sasa naomba kwa sauti, namwambia hata hasira yangu ilivyo.

Mfungo wa siku tatu ulinishinda siku ya pili, kazi ya kubeba matofali inahitaji nguvu. Kaka nimempigia mara mbili, hapokei. Nimemtumia ujumbe wa kuomba radhi, ameusoma. Jumamosi naenda kwake mwenyewe. Mniombee.