Kizuia kutu ndani ya bawa la alumini: mafuta mepesi au nta?

Boriti_ya_Nyuma: Wakuu, ndege ni ndogo ya injini moja, bati ni alumini 2024-T3 (aloi yenye shaba), inalala nje karibu na bahari. Ndani ya bawa haikupakwa praima (rangi ya kwanza ya kinga). Kwenye tundu za ukaguzi unaonekana unga mweupe kuzunguka ribiti (pini zinazoshikanisha mabati) za boriti ya nyuma, yaani mhimili wa nyuma unaobeba bawa. Kabla ya kufunga nipulize mafuta mepesi yanayopenya kama ACF-50, au dawa ya nta inayokauka? Na nikipuliza juu ya huo unga kuna ubaya?

Fundi_Bati: Ubaya upo, tena mkubwa. Unga huo ni alumini iliyokwisha kuliwa na kutu, na umeshika chumvi na unyevu. Ukiufunika kwa nta unafungia maji palepale yanapokula. Dawa hupunguza kasi ya ulaji. Metali iliyokwenda hairudi.

Osha kwa maji baridi na sabuni ya ndege, suuza, kausha kwa hewa ya kompresa. Sugua kwa pedi ya nailoni au msasa wa oksidi ya alumini. Brashi ya waya wa chuma isiingie humo: chembe zake hubaki kwenye alumini na kuanzisha ulaji mpya. Sugua penye unga tu. Kama bati ni Alclad, linalolilinda ni tabaka la alumini safi; kwa bati la milimita 0.8 tabaka hilo ni kama milimita 0.04 kila upande, na ukilimaliza unabaki na aloi yenye shaba ambayo huliwa upesi.

Kisha fundi mwenye leseni apime unene uliobaki na kuulinganisha na kikomo cha kitabu cha ukarabati. Boriti ikipita kikomo, hapo hapana dawa, ni kubadilisha au kuweka kiraka kilichoidhinishwa.

Penye alumini tupu paka Alodine 1200, kemikali inayoacha utando wa kinga juu ya alumini. Iache ikiwa mbichi kwa dakika 2 hadi 5, isikaukie hapo, halafu suuza. Inatakiwa iwe na rangi ya dhahabu. Ikifutika kama vumbi imekaa mno. Ina kromiumu ya valensi 6, ambayo husababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu, miwani na barakoa ya kemikali. Matambara yaliyolowa yasuuzwe kabla ya kutupwa, maana yakikauka yanaweza kushika moto. Malizia na praima ya epoksi.

Nta_na_Mafuta: Naongezea kuhusu dawa yenyewe. Mafuta mepesi huingia kati ya mabati yaliyopandana na kuyasukuma maji nje. Nta haifiki huko, lakini hustahimili pale maji yanapotuama, kama chini ya sakafu ya kiwiliwili. Ukitumia zote mbili, mafuta ndiyo yatangulie, nta baada ya kimiminika cha kuyeyushia kuisha. Kwa bawa la ndege ndogo mafuta peke yake yanatosha, ila yarudiwe. Kando ya bahari mimi ningesema kila miezi 12.

Tumia mrija mrefu wenye pua inayopuliza digrii 360. Uingize hadi ncha ya bawa, uvute taratibu. Unataka ukungu, siyo mafuriko. Betri itolewe, ndege iunganishwe na ardhi, pawe na hewa ya kutosha: mvuke ndani ya bawa unaweza kulipuka kwa cheche moja. Ziba kebo na roda zake, beringi za Teflon, breki na vioo vya akriliki. Mfumo wa oksijeni usiguswe na tone, kwani mafuta na oksijeni ya shinikizo huwaka yenyewe.

Boriti_ya_Nyuma: Asanteni sana. Mafuta yakianza kuvuja kwenye ribiti nitayatofautishaje na ribiti iliyolegea?

Fundi_Bati: Kagua ribiti zote na upige picha kabla ya kupuliza. Baadaye mafuta yatachuruzika kwa siku au hata wiki, na vumbi litashika. Futa, rusha ndege, kagua tena. Ribiti iliyolegea hurudisha weusi unaofuata mkondo wa hewa, na ukibonyeza bati pembeni yake utaiona au kuihisi ikicheza. Hakikisha pia tundu za kutolea maji chini ya bawa zimebaki wazi. Na kama kuna mpango wa kupaka rangi nje, rangi itangulie: mafuta yakishafika kwenye maungio, rangi haishiki.