Tupeane uzoefu: umenunua simu janja mpya, ulianza na nini ili ikutumikie ipasavyo?

FundiMlangoMmoja:
Mwangaluka wadau. Natengeneza simu hapa mjini Mwanza. Nimefungua uzi huu kwa sababu nyingi ya simu zinazoletwa mezani kwangu si mbovu. Ni nzima, ila mwenyewe hajui nusu ya inachoweza kufanya, au amefungiwa nje ya simu aliyoinunua kwa jasho lake. Kila mmoja aseme alichojifunza, hasa sisi wa kanda hii ya ziwa ambao simu zetu zinaishi na jua, maji na vumbi.

Naanza na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni akaunti. Mtu ananunua simu, muuzaji anamwambia "lete nikuwekee Play Store." Anamfungulia akaunti ya Google kwa jina la haraka haraka, neno la siri analijua yeye, na namba ya kurejeshea akaunti anaweka ya dukani. Mteja anaondoka na furaha yake. Miezi inapita, mtoto anabadilisha pateni, simu inapelekwa kufutwa kwa vitufe. Ikiwaka inadai akaunti ya mwanzo. Ulinzi huo uliingia na Android 5.1 mwaka 2015 ili aliyeiba simu asiweze kuitumia, na ni kitu kizuri. Shida ni kwamba simu haiwezi kujua risiti iko kwa nani. Inachokitambua ni akaunti tu.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kayenze. Risiti anayo, boksi analo, kitambulisho anacho. Picha za marehemu mume wake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti ile, na kijana aliyeifungua aliacha kazi dukani, namba yake haipatikani. Simu niliweza kumsaidia. Picha hakuna namna. Alikaa pale kwenye benchi muda mrefu ameishika simu mkononi, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo ndugu zangu, jioni ile ile uliyonunua simu, fungua akaunti mwenyewe. Tumia laini iliyosajiliwa kwa NIDA yako, neno la siri liwe lako, kisha liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Najua wapo wanaosema neno la siri haliandikwi popote. Mimi sikubaliani nao kwa mtu wa kawaida anayeulizwa neno hilo mara moja kwa mwaka. Daftari ndani ya sanduku la nguo ni salama kuliko kichwa kilichosahau. Ila usiliandike nyuma ya kava la simu.

Wengine mnasemaje?

MamaDagaa_Kirumba:
Asante sana fundi, hilo la akaunti limenigusa. Mimi nauza dagaa pale mwaloni Kirumba, wateja wangu wengine wako Burundi na Kongo, kwa hiyo simu ndiyo duka lenyewe.

Kilichonibadilishia kazi ni WhatsApp ya biashara. Ni ya bure, inapatikana Play Store, na iko tofauti na ile ya kawaida. Ndani yake unaweka orodha ya bidhaa na picha: dagaa wa kukausha juani, wa kukaanga, furu, kila kimoja na bei yake ya siku hiyo. Mteja akiuliza "una nini leo," namtumia orodha, basi. Kuna na majibu ya kuhifadhi, unaandika mara moja maelezo ya malipo na usafiri, halafu unayaita kwa neno fupi. Zamani nilikuwa naandika maneno yale yale kutwa nzima huku mikono ina magamba.

Kuhusu mikono yenye magamba, wanangu, jifunzeni kuandika kwa sauti. Kibodi ya Google inasikia Kiswahili tangu 2017, na Kiswahili cha Tanzania kimo. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya lugha na kibodi, ongeza Kiswahili, kisha gusa ile alama ya maikrofoni. Hata kama huandiki kwa sauti, ongeza Kiswahili tu, maana bila hivyo simu inageuza maneno yako kuwa ya Kizungu na mteja anapokea kitu kisichoeleweka. Niliwahi kumwandikia mtu "gunia" ikaenda neno jingine kabisa.

Na picha za dagaa zipigwe asubuhi, jua likiwa halijawa kali, baada ya kufuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Kamera nyingi zinazolalamikiwa zina mafuta ya vidole tu.

Mdau_Malimbe:
Shikamoo mama. Mimi niko chuo huku Malimbe, na kilio changu kilikuwa bando. Nilikuwa nikiweka la wiki, linaisha kabla hata katikati ya wiki haijafika.

Wanaokula bando si ninyi mnaochati. Ni mambo yanayojishusha yenyewe. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video ukiwa kwenye data ya simu. Makundi ya ukoo na ya darasa yanatuma video asubuhi mpaka usiku, na zote zinaingia kwenye simu yako uzitazame usizitazame. Hapo hapo kuna sehemu ya kusimamia nafasi, inakuonyesha kundi gani limejaza simu. Nilifuta video za kundi moja tu, simu ikapumua.

Halafu washa kiokoa data kwenye mipangilio ya mtandao, na Play Store iambie isasishe programu ukiwa kwenye Wi-Fi peke yake. Usizime kusasisha moja kwa moja, kwa sababu masasisho yanaziba mianya ya usalama. Subiri ukifika penye Wi-Fi ya chuo.

Nakala ya chati nayo muipange. Tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, pamoja na picha na barua pepe. Ukiweka na video humo zinajaa upesi. Mimi nakala yangu haina video.

MvuviwaUkara:
Kwetu visiwani shida ya kwanza ni chaji. Nitasema ninayoyafanya.

Ukiwa majini mbali na mnara, simu inahangaika kutafuta mtandao usiku kucha, na huko ndiko betri inakoishia. Weka hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi, haihitaji bando wala laini. Kabla sijatoka Nansio napakua ramani ya ziwa kwenye Google Maps kwa matumizi ya nje ya mtandao, kuanzia Mwanza mpaka Ukerewe na Ukara. Usiku usio na mwezi, ambao ndio usiku wetu wa dagaa, ile nukta ya buluu inanionyesha niko wapi na kisiwa kiko upande gani. Nisieleweke vibaya: jaketi okozi liko palepale, na utabiri wa ziwa wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, nausoma kabla ya kutoka. Simu haizuii dhoruba.

La pili ni kuchaji kwenye betri ya taa. Betri ile ni ya volti 12, simu inataka volti 5 kwenye waya wa kawaida wa USB. Kuna vijana wanaunganisha nyaya moja kwa moja. Simu inaungua, na betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya mtumbwi mnakimbilia wapi? Nunua kile kigeuzi cha USB kama cha kwenye gari.

Fundi, nikuulize: kuchaji usiku kucha kunaua betri au hakuui?

FundiMlangoMmoja:
Mvuvi, umesema vizuri sana juu ya nyaya. Kuhusu usiku kucha: simu za sasa zinakata zenyewe zikijaa, hazilipuki kwa sababu umelala. Kinachoua betri ni joto. Simu iliyo chini ya mto na chaja imechomekwa, simu iliyoachwa juu ya jiwe saa saba mchana, simu inayochajiwa huku mtu anacheza gemu ndani ya kava nene la mpira, hizo ndizo naletewa zimevimba mgongo. Betri ya lithiamu hupenda kuishi katikati, kati ya asilimia 20 na 80 hivi. Simu nyingi mpya zina sehemu ya kuizuia isipite 80. Kama kutwa uko karibu na umeme, iwashe. Kama unaenda ziwani, jaza mpaka 100 bila wasiwasi.

Na betri ikivimba, usiiminye, usiitoboe. Zima simu, ilete.

Boda_Buzuruga:
Wakuu, mimi nazungumzia wizi. Sisi bodaboda tunaweka simu kwenye kile kishikio cha usukani, na abiria wengi wanashika simu mkononi. Pale stendi Buzuruga na njia ya Igoma, mtu anapita na pikipiki anakwapua, kazi imekwisha.

Google walileta ulinzi dhidi ya wizi mwaka 2024, unafanya kazi kuanzia Android 10. Simu ikihisi imekwapuliwa ghafla na mtu anakimbia au yuko kwenye chombo, inajifunga yenyewe. Ingia Mipangilio, gusa Google, tafuta ulinzi dhidi ya wizi, washa. Hapo hapo washa na kufunga simu kwa mbali. Siku ikiibiwa unaazima simu ya mtu, unaingia android.com/lock, unaandika namba yako, inafungwa pale itakapokuwa hewani. Huhitaji kukumbuka neno la siri. Ila lazima uwe uliwasha mapema.

Mwenzangu mmoja wa kijiweni aliibiwa simu ikiwa wazi, mwizi akachomoa laini akaiweka kwenye simu nyingine, akaanza kukopa watu kwa jina lake. Tangu hapo kijiwe chetu chote kimeweka namba ya siri ya laini yenyewe. Inaulizwa kila laini inapohamishwa au simu inapowashwa. Ukikosea mara tatu inataka PUK, ile namba ya kufungulia laini, kwa hiyo kile kikadi cha laini msikitupe. Na WhatsApp wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita.

Halafu swali: simu yangu iliingia maji ya mvua, nikaiweka kwenye mchele ikapona. Mchele unafanya kazi kweli?

FundiMlangoMmoja:
Ilipona kwa bahati na kwa kupewa muda, kaka, si kwa mchele. Apple wenyewe mwaka 2024 waliandika wazi kwamba simu isiwekwe kwenye mchele, kwa sababu chembe zinaweza kuingia ndani na kuharibu. Mimi hukuta unga wa mchele umeganda kwenye tundu la chaji. Zima simu mara moja, usijaribu kuiwasha kuona kama inawaka. Igonge taratibu, tundu la chaji likiangalia chini, maji yatoke. Iache mahali penye hewa. Usichaji mpaka ikauke kabisa.

Wale wenye simu za IP68, zile zenye kipimo cha kuhimili maji na vumbi, wanaoogelea nazo pale ziwani, naomba mnisikilize. Kipimo kile ni cha simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji, mara nyingi mita 1.5 kwa dakika 30. Ikishaanguka chini mara kadhaa au ikibadilishwa kioo, usiitegemee tena. Na udhamini wa kawaida haulipi madhara ya maji.

Mwalimu_Sengerema:
Nimefuatilia michango yote, hongereni. Siku hizi kwa daraja la Kigongo–Busisi tunavuka kuja Mwanza mjini kwa muda mfupi, hivyo wenzangu wengi wananunulia simu huko. Nawaomba kabla ya kulipa mpige *#06#. Itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Linganisheni na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha tumeni namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, mtajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine tofauti na mnayoishika, rudisheni hapo hapo. Wa umri wangu wanakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia. Asubuhi yake watu walikuwa na vipande vya plastiki mikononi.

IMEI hiyo iandikeni kwenye lile daftari la fundi. Polisi watakapowaandikia RB ya simu iliyopotea, wataiuliza. Na mkishasajili laini, pigeni *106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yenu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upelekeni 15040.

Kwa wazazi wetu: ongezeni ukubwa wa maandishi kabla ya kuwakabidhi simu. Nilimfanyia mama hivyo, na nambari za watoto nikaziweka kwenye ukurasa wa mbele zikiwa na picha. Sasa hamsubiri mjukuu arudi kutoka shule ndipo apige.

Binti_Igombe:
Samahani nachelewa. Mimi simu yangu ni ya mkopo, nalipa kidogo kidogo kila siku. Nikichelewa inajifunga. Kuna kijana ananiambia ataiflashi, yaani aipakie mfumo upya, iache kujifunga. Nifanyeje?

FundiMlangoMmoja:
Dada, usimpe. Kufuli la simu za mkopo limefungwa kwenye IMEI upande wa mkopeshaji, kwa hiyo hata akiiflashi, mara nyingi simu ikiingia mtandaoni linarudi, na saa nyingine simu inakufa moja kwa moja na deni linabaki palepale. Halafu umevunja mkataba uliousaini.

Hifadhi kila ujumbe wa malipo, piga picha na kile karatasi cha mkataba. Ukimaliza deni, usiondoke dukani mpaka wameliondoa kufuli mbele yako. Izime, iwashe, uunganishe mtandao, kisha ingia Mipangilio, sehemu ya usalama, uangalie programu zinazosimamia kifaa. Ukiikuta ile programu ya mkopo bado imo, waonyeshe na uwaombe barua ya kumaliza deni. Wakikuzungusha njoo mezani kwangu na risiti zako zote, tutawapigia pamoja.