Naomba ushauri: wimbo wa bibi ni wa kubembelezea mtoto au wa vita?

Wakuu, habari zenu. Niko Iringa mjini. Kuna wimbo wa Kihehe nimeupenda tangu utotoni. Bibi alikuwa akituimbia jikoni huku akipukuchua mahindi, na siku zote nilijua ni wa kubembelezea watoto. Kihehe changu chenyewe ni cha kuombea maji tu.

Mwaka jana nilimrekodi kwa simu (jogoo naye akaamua kuwika katikati ya ubeti wa pili). Nilipomsikilizisha baba mdogo, akasema ule si wa watoto: "yule asiyelala" anayetajwa kwenye wimbo ni mtu anayewindwa, na moto unazimwa ili moshi usimfichue. Akauunganisha moja kwa moja na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894 aliendelea kuwasumbua Wajerumani porini hadi alipojiua mwaka 1898. Nilisisimka! Nikaenda hadi makumbusho ya Kalenga, nikaliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, wimbo ukinizunguka kichwani.

Shida ni bibi mwenyewe. Nilipomuuliza alicheka: "Mjukuu wangu, mtoto akilia usiku moto unazimwa, alale." Sasa naogopa kuuvisha wimbo koti lisilo lake kwa vile tu napenda historia.

Wenye uzoefu, nianzie wapi? Nizunguke kwa wazee wa vijiji vingine nione kama beti ni zilezile, au nianze na maneno magumu? Maana kuna neno moja bibi huliimba tu, hata yeye maana yake haijui.