Friji bovu limemkosesha mamangu mdogo msaada, halafu mwatuambia "wahitaji pekee"

Jamani, nimechoka na huu wimbo kwamba pesa za msaada wa serikali zipewe wahitaji pekee. Nani anayemjua mhitaji? Yule kijana wa kuandikisha, aliyesimama mlangoni dakika tano na tableti mkononi?

Mamangu mdogo yuko Kisauni, hapa Mombasa, mjane, jioni anauza viazi vya karai na mbaazi. Waandikishaji walipopita walichungulia ndani, wakaona friji. Ikawa basi. Friji lenyewe lilikufa zamani, ndani mna unga, sukari na vyombo vyake vya arusi, maana humo panya hawaingii. Fomu yauliza una friji au huna, haiulizi kama lagandisha. Nyumba ya pili mwenyewe ana tuktuk mbili barabarani na jina limepita, kwa kuwa anajuana na mzee wa mtaa. Mniite hasidi mkitaka.

Tazameni fedha za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali. Tangu 2018 kigezo ni miaka 70 na kutokuwa na pensheni, unapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Zachelewa, zaudhi, lakini umri uko kwenye kitambulisho, hakuna anayekuja kukukagua sebule.

"Mbona tajiri wa Nyali naye apewe?" Apewe! Kisha KRA, watoza kodi, wamfuate, namba yake ya kodi wanayo. Huyo ni rahisi kumpata kuliko kumsaka maskini nyumba kwa nyumba huku Majengo.

Gharama naijua. 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka, na kwa watu milioni 47 wa sensa ya 2019 yapita trilioni moja. Hizo hatuna. Basi shusheni umri wa wazee hadi 60, mwongeze kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, awe wa Tudor au wa Likoni. Kundi zima kwa mara moja, si kuokotaokota majina.

Na nyinyi mnaosema watu watanunua majani ya muguka watafune, walale: shirika la misaada la GiveDirectly lilianza 2016 kuwapa pesa kila mwezi watu wazima wote wa vijiji vizima Siaya, baadaye na Bomet. Watafiti waliofuatilia hawakuona watu wakiacha kazi. Waliona baadhi wakiacha vibarua na kufungua biashara zao wenyewe. Mwenye ushahidi mwingine aulete hapa, porojo za maskani tumezisikia.