Nnaandika hadithi ya sayari yenye majua mawili, nisaidieni isiwe uongo mtupu

MieWaWete: Assalam alaykum jamani. Nnaandika hadithi ya kisiwa cha wavuvi kwenye sayari ya majua mawili, moja linachomoza mashariki jengine magharibi, usiku haupo kabisa. Sasa rafiki yangu kaisoma ananambia haiwezekani, sayari kama hiyo itavurugwa itupwe huko. Ni kweli? Na linaloniuma zaidi, wavuvi wangu bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo) watayajuaje? Na saa je, maana sie tunahisabu kuanzia asubuhi jua likitoka, wao watashika jua lipi? Naombeni ukweli, msinibembeleze.

FizikiaChake: Waalaykum salaam kaka. Sayari hizo zipo. Kepler-16b ilitangazwa 2011, inazunguka majua mawili kwa siku 229 na majua yenyewe yanazungukana kwa siku 41. Haivurugwi kwa sababu iko mbali nayo, zaidi ya mara tatu ya nafasi iliyo baina yao, ingesogea ndani zaidi ndo ingeharibikiwa. Ila kwa mpango huo pande mbili usahau, majua yanakwenda pamoja angani, yanatua pamoja na usiku unaingia kama kwetu. Siku yao ikiwa saa 24, moja litamtangulia mwenziwe kwa saa moja na kitu tu, siku nyengine moja linajificha nyuma ya jengine. Saa zao wahisabu kwa lile kubwa, maana dogo lile ni jekundu, mwangaza wake haba sana.

MieWaWete: Ahsante sana kaka, lakini yakhe mie ule usiku usio giza ndo roho ya hadithi yangu, nikiutoa nimebaki na nini?

BintiKojani: Usiutoe kakangu, badilisha mpango tu. Weka sayari yako izunguke jua moja kwa karibu, la pili liwe mbali. Tizama Alpha Centauri, nyota jirani zetu, zile mbili A na B zinazungukana kwa miaka kama 80, na zikikaribiana sana bado baina yao pana umbali wa mara 11 wa sie na jua letu. Ukikaa kwenye sayari ya A, B hutaiona duara, utaona nukta tu lakini inachoma macho, ikiwa karibu inang'ara zaidi ya mara elfu ya mwezi mpevu, mtu anashona nyavu usiku bila taa. Joto haliongezi la maana. Na haiwi mwaka mzima, kuna miezi B inatoka usiku na kuna miezi inatoka mchana pamoja na A, hapo ndo giza la kweli linaingia. Mie ningekuwa wewe ningeiandika hiyo miezi ya giza, watoto wanaona nyota nyingi, wazee wanajua dago (kambi ya uvuvi) la pweza limefika.

MieWaWete: Wallahi dada umenifungua! Nnaifuta ile magharibi leo leo. Bado maji tu.

MzeeWaMtumbwi: Mwanangu, B kwa umbali huo haivuti maji kitu. Ipe sayari yako mwezi. Hapa kwetu mwezi ndo unaovuta zaidi, jua halifiki nusu yake, vikikaa mstari mmoja ndo bamvua, vikikaa pembe mraba maji mafu. Wavuvi wako waangalie mwezi na lile jua kubwa, B waiachie nyavu.